Anayetangulia Kuruka

Bibi Eness alikuwa akigeuza samaki juani, lakini jicho moja lilimchunga Mwalimu Jairos. Mtu wa ng'ambo, upande wa Wabelgiji, anayekanyaga mchanga wa ziwa kwa viatu vinavyong'aa! Mama wa mjukuu wake Olipa naye alimfuata mwenye viatu vya namna hiyo mpaka migodini. Hajarudi.

Sasa huyu alimtaka Olipa mwenyewe, eti aende shule ya bweni Mwansabombwe.

"Akafanye nini?"

"Ku-learn, Nkambo," Jairos alijibu, akimwita bibi kwa heshima ya kwao.

"Aa! Mutu akitaka kunificha kitu, anakifunga kwa Kizungu. Fungua nione."

Jairos akacheka. "Ni kujifunza tu. Padri mzee aliniambia shina la neno hilo, zamani sana, lilikuwa alama ya mguu. Anaye-learn anafuata nyayo za aliyetangulia."

Heri angenyamaza. Bibi aliweka samaki chini.

"Nyayo za nani?"

"Za mwalimu wao, mama muzungu."

"Amezaa?"

"Hapana."

"Anajua kusonga ubwali?"

Nyuma ya mlango, Olipa alitega sikio. Shule aliitaka kama mwenye kiu anavyotaka maji.

Bibi Eness alikuwa nachimbusa, mfundaji wa wanawali. Katika ngoma yao kuna tawi ambalo mwanamwali huliruka, lakini haambiwi ruka mpaka mfundaji ameruka kwanza mbele yake, hata magoti yakilia.

"Basi kwenu ni kama kwetu," alisema. "Nitatangulia mimi."

"Nkambo, darasani?"

"Kwani kuna nini humo nisichotakiwa kuona?"

Jumatatu lori la samaki liliwashusha Mwansabombwe. Olipa aliachwa nje. Bibi aliketi benchi la mbele, akaimba a, e, i, o, u, watoto wakivunjika mbavu. Alichungulia chini ya meza ya mama muzungu. Alinusa uji. Kisha akadai aletewe msichana aliyeingia mwaka jana, amwone kwa macho yake.

Akaletwa Chabu, wa kijiji cha Kabuta.

"Nyumbani wanakuruhusu kwenda?"

"Pasaka ya juzi nilienda, Nkambo. Nikavua na kaka zangu."

Bibi aligeuza viganja vya msichana huyo. Vilikuwa na michubuko mipya ya kamba za nyavu. Huyu alikwenda kwao kweli. Akaviachia, akaenda mlangoni.

"Olipa, ingia."

"Nkambo, lori linaondoka," Jairos alisema.

"Liondoke," alisema Bibi Eness, akirudi benchini. "Sijaona wanakolala."