Boyesse wa Tatu

Kwenye simu ya Mama Joëlle, jina langu halikuwamo. Nililijua hilo siku nilipopoteza simu yangu jikoni, akaipigia ili tuisikie ikilia, akaniachia yake mkononi. Niliacha shule darasa la nne, nasoma polepole. Kiooni paliandikwa: Boyesse 3.

Boyesse ni msichana wa kazi, Kisangani nzima inasema hivyo. Kilichonichoma ni ile tatu. Siku ya kwanza Mama hakuniuliza jina, nami kwa aibu sikulitaja. Miezi minane ikapita.

Baba yake, Papa Évariste, alifundisha Kiingereza hadi uzeeni. Nilimuuliza kuhusu neno lile huku nikichambua pondu, majani ya muhogo.

"Boy ni neno la Waingereza," akasema. "Mtoto wa kiume. Lakini hata kwao, zamani, lilikuwa la mtumishi kabla ya kuwa la mtoto. Wazungu wa huku wakamwita nalo mutu muzima. Baba yangu iko na mvi, iko na wajukuu, bado boy. Kibanda chake nyuma ya nyumba ya bwana, hapahapa mtaani Makiso, kiliitwa boyerie. Halafu Kifaransa kikalishonea neno hilo mkia wa kike, -esse."

"Donc mimi ni mtoto wa kiume mwenye mkia, Papa?"

Akacheka mpaka akakohoa.

"Na baba yako aliitwa nani?" nikamuuliza.

"Augustin," akasema, na kicheko kikaisha. "Kule kazini hakuna aliyemuuliza."

Jumapili walikuja wageni wa ofisini kwa Mama. Liboke, samaki waliofungwa na kuokwa majanini, zilikuwa tayari, majani bado ya moto.

"Boyesse, leta chakula."

Sikutoka jikoni.

"Boyesse, uko kiziwi?"

Nikaenda kusimama mlangoni, mikono mitupu.

"Mama, sitaitika jina hilo tena."

Mgeni mmoja akapiga makofi. "Eh, Joëlle, boyesse yako iko na mudomo."

"Bon," akasema Mama, bila kunitazama. "Mulango iko pale. Wa nne nitamupata kesho."

Mama yangu kule Isangi anaitegemea kazi hii. Nilimtazama Papa Évariste. Alikuwa ameinamia sahani yake tupu.

"Babu yako alikuwa boy, hapahapa Makiso," nikamwambia Mama Joëlle. "Aliitwa Augustin. Mimi naitwa Fortunée."