Fuwele ya Shangazi

Wafanyakazi wa maabara walimwita mkuu wao Bwana Chumvi, nyuma ya mgongo wake bila shaka, maana kila mtu anapenda kazi yake. Zamani aliwahi kusimama mbele ya wataalamu wenzake akajisifu kwamba ameotesha fuwele ya protini. Wakaipiga eksirei, kumbe ni chumvi iliyoganda kutoka kwenye maji ya dawa. Ukumbi mzima ulicheka. Tangu hapo hakuamini fuwele yoyote mpaka aichome kwa sindano: chumvi ni ngumu, hupasuka kwa mlio, protini hupondeka.

Sasa mtafiti wake alikuwa na fuwele moja. Moja tu, tena ya kurithi. Shangazi yake, aliyemlea tangu anaota meno, aliugua ugonjwa wa uboho unaoijaza damu kingamwili za aina moja, zisizo na kazi yoyote ila kuharibu figo. "Chukua," alimwambia akinyoosha mkono atolewe damu. "Ndicho kitu pekee mwili wangu unachotengeneza kwa wingi siku hizi. Ila ukishaiona sura ya huyu anayeniua, niambie. Nisipokuwepo, mwambie mwanangu."

Wakamzika kabla mtafiti hajaona chochote. Ile damu mtafiti aliichuja, kingamwili akazikata vipande kwa kimeng'enya cha papai, kwa kuwa zikiwa nzima hazikubali kujipanga, akavidondosha tone tone kwenye visahani. Vingine viliganda vikawa uji, vingine vikaharibika. Tone la mwisho kabisa ndilo lililozaa. Alipoiona ile fuwele chini ya hadubini, safi, yenye kona kali, alilia kwa furaha kama mwehu, kisha akampigia simu binti wa shangazi.

Zamu yao kwenye mashine ya eksirei, ambayo hupiga fuwele na kuonyesha sura ya protini iliyomo, ilikuwa wiki inayofuata. Bwana Chumvi hakutaka kusubiri. Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka, na yeye aliumwa mbele za watu. Mtafiti alimweleza kwamba hakuna nyingine, kwamba damu imekwisha na mwenye damu yuko kaburini, kwamba mashine yenyewe itasema. Akajibiwa kwamba mtu hachekwi mara mbili kwa kosa lile lile. Kisha mzee akavuta kiti, akainamia hadubini, akachukua sindano.

Mkono wake ulipita karibu kabisa na wa mtafiti. Angeweza kuushika. Angeweza hata kuusukuma, na kazi ikipotea ipotee. Lakini alikuwa amelelewa vizuri mno, na aliyelelewa vizuri hamshiki mkono mkubwa wake. Alisema, "Mzee, tafadhali," basi.

Haikutoa mlio. Ilipondeka taratibu kama kiazi kilichoiva.

"Hongera," alisema Bwana Chumvi, uso umemng'aa. "Ni protini kweli. Otesha nyingine."

Akaondoka akipiga mluzi. Mtafiti alibaki akitazama chembe zikielea ndani ya tone, akimchukia mzee, akijichukia zaidi, na akiyachukia malezi yake pia, ingawa aliyemlea ni shangazi yule yule.

Jioni binamu yake alipiga simu. Alizungukazunguka kwanza, akauliza habari za kazi, habari za afya.

"Dada, umeshaiona sura ya yule aliyemuua mama?"



"Hapana, mdogo wangu," alisema mtafiti. "Ilikuwa chumvi tu."