Tiki Kwenye Visanduku

Zipu ilipanda mpaka katikati ya mgongo, ikagoma. Nyuma ya pazia la kujaribia nguo, mwalimu alivuta pumzi, akalirudisha tumbo ndani kadiri alivyoweza, zipu ikabaki pale pale kama punda aliyekataa mzigo.

"Fundi, mimi nimenenepa?" akauliza.

"Hujanenepa, mwalimu," shangazi akajibu.

"Basi gauni limekonda."

Kasi akaangua kicheko. Alikuwa mshonaji wa cherehani ya dirishani, na jina hilo alipewa kwa sababu mguu wake haukujua breki. Shangazi hakucheka. Alisimama mkono mmoja kiunoni, macho kwenye lile pengo la mgongoni, kama mtu anayemtazama rafiki wa siku nyingi akimkana hadharani.

Kwenye meza ya kona, mbele ya kompyuta, alikaa mtoto wa kaka yake. Tangu alipomaliza chuo, shangazi alimwita Diploma, kwa fahari siku za kawaida na kwa kejeli siku za makosa. Diploma aliinua uso, akalitazama lile pengo naye. Gauni hilo halikuwa la kwanza. Muuguzi alisharudisha sare iliyombana kwapani. Dada wa bibi harusi alikuwa amepasukiwa na gauni ubavuni katikati ya kucheza, akamaliza sherehe amejifunga shuka.

Ajabu ni kwamba shangazi hakuwa na desturi ya kupima watu. Utepe wa kupimia ulining'inia shingoni kama mapambo tu. "Kumpima mtu ni kumuuliza swali ambalo mwili wake umeshajibu," alizoea kusema. Mteja akiingia, alimtazama mara moja, mbele na nyuma, kisha akataja pateni. Pateni ni zile karatasi za umbo la mbele, mgongo na mkono, ambazo fundi huzilaza juu ya kitambaa akachora kwa chaki na kukata. Zake alizichora mwenyewe ujanani, kila moja akaipa jina. Kulikuwa na Mwanzi, Mtungi, Mama Mapacha. Mwalimu alikuwa Chupa. "Usinune," shangazi alimwambia siku ya kwanza. "Chupa ina kiuno." Na nguo ilimkaa kama ngozi yake ya pili, miaka yote, mpaka sasa.

"Acha, nitakata jingine," shangazi alisema, akimsaidia mwalimu kujivua. "Kosa ni langu. Jicho limeanza kunitoroka."

Mwalimu alipoondoka, shangazi alichukua mkoba wake, akasema anakwenda kwa daktari wa macho, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Diploma alibaki akipanga kabati. Humo ndimo lilimokuwa boksi la pateni za zamani, zile za karatasi ngumu, zilizochakaa hadi kingo zikawa kama zimetafunwa na panya. Ni yeye aliyeziokoa. Alizipitisha zote kwenye skana, kipande kwa kipande, akazihifadhi kama picha, akamfundisha shangazi kuzichapisha. Bofya mara mbili, bonyeza alama ya printa, unganisha karatasi kwa gundi, kata. Shangazi alijisifu mtaa mzima kwamba pateni zake sasa haziozi.

Alikuta mgongo wa Chupa ya zamani. Ukutani ulitundikwa mgongo wa Chupa ya juzi, uliotoka kwenye printa. Bila kuwaza lolote, akaulaza mmoja juu ya mwingine, aone jinsi kazi yake ilivyofanana na ya awali.

Mpya ulikuwa mdogo. Kila upande, upana wa kidole gumba ulipungua.

Akadhani ni gundi. Akadhani ni printa. Akaketi, akabofya faili la Chupa mara mbili, na kilichofunguka hakikuwa kile kidirisha kitupu cha kutazamia picha alichomzoesha shangazi. Ilifunguka programu ya kurembesha picha, na brashi zake na vibweta vya rangi. Aliiweka mwenyewe, kusudi ang'arishe picha za magauni kabla ya kuwatumia wateja kwenye simu.

Hapo kumbukumbu ikamjia. Siku ile ya kuiweka, programu ilimuuliza maswali, ukurasa baada ya ukurasa, naye akabonyeza Endelea, Endelea, Ndiyo, kama mtu anayeitikia salamu za njiani bila kutazama nani anasalimia. Ukurasa mmoja ulikuwa na safu ya visanduku, vyote vimeshawekwa tiki. Ulisema wazi kwamba kuanzia sasa programu hii ndiyo itakayofungua picha zote, za kila aina. Msomi hakusoma. Programu ya zamani ilichapisha picha kwa ukubwa wake halisi. Hii mpya ilikuwa na adabu zake. Iliminya kila picha kidogo ili ibaki nafasi nyeupe pembezoni mwa karatasi. Kwenye picha ya harusi nani angeona? Kwenye pateni, ni kwapa la muuguzi na ubavu wa dada wa bibi harusi.

Nitamwambia akirudi, alijiapia.

Shangazi alirudi, akaketi bila kuvua viatu.

"Daktari amesemaje?" Kasi akauliza.

"Macho mazima. Anasema nitasoma gazeti mpaka nizikwe."

"Si habari njema hiyo, mama?"

"Njema kwa nani? Lingekuwa jicho ningevaa miwani, yakaisha. Sasa kilichoharibika kiko nyuma ya jicho." Akajigusa paji la uso. "Na huko miwani haivaliwi. Mama yangu alianza hivi hivi. Kwanza alisahau vipimo, mwisho akanisahau mimi."

Diploma alifungua kinywa. Alimwona shangazi akimtazama, akisubiri, na kilichotoka kilikuwa hiki: "Umechoka tu, shangazi. Pumzika kidogo."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe, akatamani kuyameza.

Jioni, wenzake walipokuwa wakifagia, alirekebisha. Alichagua faili la pateni, akaiambia kompyuta ilifungue kwa programu ya zamani, leo na siku zote. Akachapisha kipande kimoja, akakilinganisha na cha kale, vikalingana ukingo kwa ukingo. Alipumua kama mwizi aliyefaulu kurudisha mali kabla mwenyewe hajaamka. Gauni lijalo litakaa, alijiambia, na shangazi ataona kichwa chake ni kizima, na hakuna atakayeumia. Hata hivyo, usiku alikiacha chakula sahanini.

Siku zilizofuata shangazi alikuja mapema kuliko wote, akakata peke yake. Gauni jipya la mwalimu lilishonwa, likapigwa pasi, likatundikwa.

Mwalimu alikuja, akaingia nyuma ya pazia. Zipu ilipanda mpaka juu, haikusita popote. Diploma akafumba macho kwa shukrani.

Pazia likafunguliwa. Mwalimu alikuwa ndani ya gunia. Mabega yalimwangukia, kiuno cha gauni kilitafuta kiuno chake visionane.

"Fundi," akasema taratibu, "mimi nimekuwa nikiruka chakula cha mchana kwa ajili ya gauni hili. Lakini sijaruka kiasi hiki."

Kasi akataka kucheka, akauona uso wa shangazi, kicheko kikafia njiani.

"Niliongeza kidole kila upande," shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilijua jicho linanipunguzia, nikajiongezea. Bila kuongeza, limebana. Nimeongeza, linapwaya. Nisamehe, mwalimu. Livue."

Mwalimu alipotoka mlangoni, shangazi alikwenda kwenye meza ya kukatia, akauchukua mkasi mkubwa, akauweka juu ya cherehani ya Kasi.

"Kuanzia leo utakata wewe. Mimi nitatia vifungo."

"Mimi, mama? Mimi nikikata, watu watatoka hapa na mikono mitatu!"

"Utajifunza. Mimi ndiye ninayesahau."

"Husahau, shangazi." Diploma alikuwa amesimama. "Ni mimi."

Alieleza yote, kwa maneno ya kawaida, bila kujificha nyuma ya lugha ya chuo. Programu mpya, visanduku, karatasi zilizonywea, marekebisho ya siri. Aliuweka mgongo wa kale juu ya meza, akaweka juu yake ule ulionywea, kisha ule wa sasa. Shangazi alizipapasa kingo kwa kidole, moja moja. Mguu wa Kasi ukatulia juu ya kanyagio.

"Ulijua lini?"

"Siku uliyokwenda kwa daktari."

"Kabla sijarudi, au nilipokwisha kurudi?"

Hapo palikuwa na mwanya wa uongo mdogo, na Diploma aliuona. "Kabla."

"Kwa hiyo nilipoketi pale, nikamtaja mama yangu, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Shangazi akatikisa kichwa polepole. "Tiki nimekusamehe. Tiki hata mimi ningebonyeza. Lakini niliogopa, mwanangu. Nililala nikihesabu majina ya watu wa nyumbani, nione kama yamebaki yote. Na wewe ukaniambia nipumzike."

Machozi yalimtoka Diploma, akaona haya hata kuyafuta, kama vile hayakuwa haki yake.

"Usinililie. Mfuate mwalimu, hajafika mbali. Mwambie ukweli. Na mwambie ale."

Alimkuta kwenye kona ya barabara. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, mkoba kifuani. "Watoto darasani wamekoma kwa hasira za njaa yangu," alisema hatimaye. "Ningekuwa wewe, kesho ningekuja kuwaomba radhi na wao." Kisha akaenda, na Diploma hakujua kama ule ulikuwa utani.

Aliporudi, shangazi alikuwa ameketi, gauni pana limetandazwa magotini, akifumua mshono wa ubavuni. Hakumtazama. Alimsogezea kigoda kwa mguu, akampa wembe na upande wa pili wa gauni. Diploma akaketi, akaanza kukata nyuzi. Mikono ilikuwa na haraka ya mtu anayetaka adhabu iishe, uzi mmoja ukavutika na kukunja kitambaa.

"Polepole," shangazi akasema. "Hicho kitambaa hakina kosa."