Dada Mkubwa wa Meya

Jumanne saa nne asubuhi Meya alikuwa ofisini kwake, ghorofa ya pili, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, anasikiliza takwimu. Meneja wa kampeni alisimama mbele ya ubao mweupe na kalamu ya wino mwekundu, akiandika asilimia za watu ambao bado hawajaamua wampigie nani kura. Feni ilikuwa inapeperusha makaratasi, na mtu wa tatu mle chumbani, mganga mkuu wa manispaa, alikuwa ameegemeza kiwiko juu ya faili lake lisiruke.

"Mpinzani wetu wa siku zote hanitishi," alisema meneja. "Kura zake tunazijua, na zetu anazijua. Anayeniumiza kichwa ni huyu wa chama cha tatu."

Huyu wa chama cha tatu watu walimwita Mtangazaji, kwa kuwa kwa miaka kumi na mitano sauti yake ndiyo iliyowaamsha asubuhi redioni. Hakuwa na sera ya maji wala ya masoko. Alikuwa na jambo moja tu, chanjo. Hakusema ni mbaya. Alisema yeye anauliza tu. Aliuliza kilichomo ndani yake, aliuliza nani anafaidika, aliuliza haraka ya nini, na hakuwa na muda wa kusubiri majibu. Kwa miezi miwili alikuwa ametoka asilimia mbili hadi tisa, na karibu wote aliowapata aliwatoa kwa Meya.

"Tisa," alisema meneja, akaizungushia duara. "Akigusa kumi na moja, sisi kwisha habari yetu. Na wewe unataka wiki tatu kabla ya uchaguzi upeleke wauguzi na sindano kwenye kila shule. Hapo utakuwa unampigia debe yeye."

Mganga mkuu alifungua faili. Surua imeshaingia kata mbili za juu, alisema. Watoto sita wameshaugua, na wote sita hawakuchanjwa. Dozi ziko kwenye jokofu tangu mwezi uliopita. Imebaki sahihi ya Meya tu, ya kuruhusu shule zitumike.

Kabla ya siasa Meya alikuwa mwalimu wa sayansi kwa miaka kumi na tisa. Kirusi cha surua alikuwa amekichora ubaoni mara nyingi hata angeweza kukichora amefumba macho. Aliuchukua waraka, akausoma mwanzo mpaka mwisho, akaurudisha mezani.

"Tuahirishe," alisema. "Uchaguzi ukiisha, kesho yake tunaanza."

"Mheshimiwa, surua haina kalenda ya uchaguzi."

"Nimesema tuahirishe, daktari."

Katibu muhtasi aligonga mlango, akasema kuna mgeni ambaye hana miadi, ila ni ndugu. Nyuma yake aliingia msichana wa miaka mitano. Alivaa gauni jeupe lenye kola, miguu mitupu. Uso na shingo vilijaa vipele, na macho yalikuwa mekundu, yanalengalenga kwa homa. Meya alimtambua hapo hapo, ingawa siku dada huyo alipozikwa Meya alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Picha yake ilikuwa ukutani chumbani kwa mama miaka yote. Meya alishusha miwani, akasimama.

"Shikamoo dada."

"Marahaba," alijibu mtoto, akawa anatafuta pa kukaa.

Katibu muhtasi alimletea kiti na glasi ya maji, kisha akafungua daftari la wageni. Penye jina aliandika "dada mkubwa wa Mheshimiwa". Penye anwani aliandika "marehemu". Penye shughuli iliyomleta ilibidi aulize.

"Nimekuja kuchanjwa," alisema mtoto. "Nilikuwa nimeambiwa nisubiri."

Meneja alitazama saa, akasema bora waendelee, kuna mambo mengi. Maji kwenye glasi yalianza kufuka mvuke mikononi mwa mtoto. Mganga mkuu alimwambia pole, akachukua faili lake akaondoka bila kuaga.

Mchana Meya alimpeleka dada yake nyumbani kwa gari la ofisi. Mama yao, mwenye miaka themanini na sita, alikuwa amekaa kibarazani akichambua mchele kwenye ungo. Alimtazama binti yake akishuka garini, akaweka ungo chini.

"Umekawia," alisema.

"Nilikuwa natembea polepole, mama."

"Njoo nikufute uso."

Alilowesha kitambaa, akamfuta, kitambaa kikakauka mkononi mwake. Akalowesha tena. Alifanya hivyo mpaka alasiri, bila kulalamika, kama alivyofanya kwa siku kumi na moja miaka sitini iliyopita. Wakati ule gari la chanjo lilikuwa limetangazwa kuja Alhamisi kwenye uwanja wa shule. Akina mama walikwenda na watoto wao wameogeshwa, wakakaa juani mpaka saa tisa, ndipo mjumbe akaja na baiskeli kusema gari limechukuliwa kwenda kumlaki mkubwa fulani aliyekuwa anafungua daraja, watatangaziwa siku nyingine. Siku nyingine ilikuja baada ya miezi miwili. Mama alikwenda tena, safari hii na mtoto mmoja mgongoni, na huyo mmoja ndiye aliyekuja kuwa Meya.

Wajukuu wa Meya, wa miaka mitatu na minne, walifundishwa kumwamkia mgeni ipasavyo. Walimwita bibi. "Bibi, tukimbizane!" walimwambia, na bibi alikimbia nao uani hatua chache, halafu akakaa chini kukohoa, nao wakamsubiri.

Jumamosi asubuhi mkwe wa Meya, mama wa wale watoto, alimfuata baba mkwe wake sebuleni. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye adabu zake.

"Baba, ninyi na siasa zenu sitii neno," alisema. "Lakini wanangu siwezi kuwaweka wasubiri matokeo ya uchaguzi."

Meya hakubishana. Alipiga simu yeye mwenyewe. Saa tano muuguzi alifika kwa mlango wa nyuma, sare yake ameifunika kwa kanga, boksi la baridi kwenye mfuko wa sokoni. Alinawa mikono jikoni, akawakalisha watoto mezani. Wa kwanza alilia. Wa pili alilia kabla hajaguswa. Nyuma yao alikuwa amesimama msichana mwenye gauni jeupe, amekunja mkono wa gauni vizuri mpaka begani.

"Na huyu?" muuguzi aliuliza.

"Huyu ni dada yangu," alisema Meya.

Muuguzi alimtazama yule mtoto, kisha boksi lake. "Mheshimiwa, niliambiwa wawili. Nimebeba mbili."

Yule mtoto aliukunjua mkono wa gauni, akaulainisha kwa kiganja.

"Si neno," alisema. "Nitasubiri na wenzangu."

Meya alimsindikiza muuguzi mpaka mlango wa nyuma, akamwomba jambo lile liishie pale pale. Mama yake alikuwa pembeni ya sinki wakati wote huo.

Wiki iliyofuata kulikuwa na mdahalo kwenye ukumbi wa manispaa. Wagombea watatu walipewa meza tatu na vipaza sauti vitatu. Mstari wa mbele alikaa mama wa Meya, amempakata binti yake, na watu waliokaa kulia na kushoto walivua makoti kwa joto.

Mtangazaji alipopewa nafasi alishuka jukwaani kwanza, akamwamkia mama mzee, akainama mbele ya mtoto.

"Pole sana, mwanangu," alisema, kwa ile sauti yake nzito iliyopendwa na wote, na machozi yalimtoka kweli. "Magonjwa ya zamani yalikuwa makali." Kisha akarudi kwenye kipaza sauti. "Mimi sisemi msichanje. Nasema tuulize. Kuuliza kumekuwa kosa?"

Watu walipiga makofi. Meneja, aliyekuwa nyuma ya pazia, alimwonyesha Meya vidole vyote kumi.

Mwongozaji alimgeukia Meya. Je, ni kweli kampeni ya chanjo imesimamishwa, na yeye kama mwalimu wa sayansi anawaambia nini wazazi?

Meya alijua jibu. Lilikuwa fupi, alikuwa amelitoa darasani mara mia. Aliinua macho, akakutana na ya dada yake, mekundu, yametulia juu yake kama ya mwanafunzi anayesubiri kuandika. Alikunywa maji.

"Mzazi ndiye anayemjua mwanawe," alisema. "Mzazi ndiye mwenye uamuzi. Sisi manispaa tumeahirisha kidogo ili elimu itangulie. Hakuna haraka."

Naye alipigiwa makofi. Nyuma ya pazia meneja alishusha kidole kimoja, kisha kingine.

Ndani ya gari, wakirudi, mama yake alikaa kiti cha nyuma na binti yake amelala mapajani. Walikuwa wamefika karibu na nyumbani aliposema, "Yule aliyechukua gari letu siku ile, nilimchukia miaka mingi. Nilikuwa nafikiri ni mtu asiye na moyo."

"Mama, ni wiki mbili tu."

"Kumbe alikuwa mtu wa kawaida," alisema mama. "Alikuwa na sababu yake tu."

Meya alishinda kwa kura mia tatu na kumi na mbili. Mtangazaji alipata asilimia nane, akampongeza kwa simu, kwa uungwana. Siku hiyo wodi ya watoto ilikuwa na wagonjwa arobaini na mmoja kwenye vitanda ishirini, na tangu mdahalo walikuwa wamekufa tisa.

Hao tisa walianza kufika ofisini Jumatatu. Walikuja mmoja mmoja, wengine na sare za shule ya awali, mmoja amebebwa na dada wa Meya kwa kuwa alikuwa hajajua kutembea. Katibu muhtasi aliongeza viti, vikaisha, akaagiza mabenchi mawili kutoka idara ya ardhi. Aliwaandika wote. Walikaa ukumbini kwa utulivu kuliko wageni wengine, na waliokuja kulipia leseni walipita kati yao wakisema samahani.

Siku ya tatu alikuja mama mmoja fundi cherehani kutoka kata za juu, mkanda wa kupimia bado uko shingoni. Alisema ameambiwa mwanawe yuko pale. Alimkuta kwenye benchi la pili, msichana wa miaka minne. Alimfunga vifungo vya mgongoni, akatia mate kidoleni na kumfuta tongotongo, akakaa naye mpaka Meya alipotoka.

"Nilikupigia kura wewe," alimwambia. Hakupandisha sauti. "Yule wa redio sikumwamini hata siku moja. Nilikuamini wewe mwalimu. Ulisema hakuna haraka."

Meya alimpa mkono. "Poleni sana, mama. Serikali itagharamia..."

"Nimeshazika," alisema yule mama. "Sikuja kwa hilo. Nimekuja kukaa naye tu. Naruhusiwa kukaa mpaka saa ngapi?"

"Tunafunga saa tisa na nusu," katibu muhtasi alimjibu.

Meya alirudi ndani, akafunga mlango. Alikaa, mikono juu ya meza, akisikia vikohozi nje. Kisha alivuta droo, akautoa waraka wa mganga mkuu, akafungua kalamu. Alikuwa ameshaandika herufi ya kwanza ya jina lake meneja alipoingia. Siku hizi meneja alikuwa mshauri wa Meya, na alikuwa na habari. Kata tatu zinarudia uchaguzi wa madiwani kwa sababu ya dosari. Chama cha Mtangazaji kimesimamisha watu katika zote tatu. Bila kata hizo Meya hana wingi kwenye baraza, na bila wingi hatapitisha hata ununuzi wa mafagio.

"Miezi miwili tu," alisema meneja. "Halafu unachanja mpaka na mbuzi ukitaka."

Meya aliitazama ile herufi moja. Ilikuwa imeandikwa vizuri, kwa mwandiko wa mwalimu.

"Peleka barazani," alisema hatimaye. "Baraza liamue."

Mama yake alihama nyumbani juma hilo. Alichukua shuka mbili na beseni, akaenda kukaa wodi ya watoto, ambako wauguzi walikuwa hawatoshi na kazi ya kulowesha vitambaa haihitaji cheti. Meya alikwenda kumbembeleza arudi. Alimkuta ameinama juu ya kitanda chenye watoto watatu.

"Nipishe hapo dirishani, baba," alimwambia. "Unawazibia hewa."

Baraza lilikaa Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi, madiwani ishirini na saba wamehudhuria, wawili na udhuru. Viti vya wananchi vilijaa. Watoto wale waliokuja na wazazi walipakatwa, wengine walikaa sakafuni, na idadi yao ilikuwa imefika kumi na saba. Dada wa Meya aliwapanga wadogo mbele ili waone. Ajenda ya tatu ilikuwa kuahirisha chanjo ya surua kwa siku sitini. Mganga mkuu alisoma taarifa yake kwa dakika sita. Diwani mmoja aliomba kujua kama watoto wale wana haki ya kuchangia hoja, na mwanasheria wa manispaa akafafanua kwamba, kwa mujibu wa kanuni, hawana. Meya aliwahoji wanaoafiki. Mikono ikanyanyuka, akaihesabu kwa sauti, akanyanyua na wake.

Hoja ilipita. Karani aliandika hivyo kwenye muhtasari, akafungua ukurasa mpya, na kikao kikaingia ajenda ya nne, ambayo ilihusu taa za barabarani.