Mstari wa Saba

"Funga, ammi. Hii mlango inafungwa sasa hivi," alisema injinia Taimur, akakipiga kofi kifuniko cha chuma kilichokuwa wazi kwenye bawaba zake.

Thani hakusimama. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari magotini, mbele ya tundu la duara lenye upana wa mabega ya mtu. Ndani ya tundu lile mlikuwa na chumba kikubwa cha chuma, na kutoka kwenye chumba kile lilitoka bomba pana lililopinda na kushuka kuelekea baharini. Maji ya bahari hupitishwa humo kupoza mvuke uliokwisha kuzungusha mashine za umeme. Na bahari, popote inapopitishwa, huacha wanawe. Kwa siku tisa, kituo kikiwa kimezimwa kwa matengenezo, wanaume walikuwa wakiingia na tindo kubandua kome na chaza kutoka kwenye chuma. Harufu ya kome waliokufa ilikuwa imemganda Thani hata kwenye ndevu.

"Siwezi kufunga, injinia. Mstari wa saba uko wazi."

"Mstari gani?"

Thani aligeuza daftari ili kijana aone. Majina saba, moja chini ya jingine, kwa herufi kubwa zilizoandikwa kwa kukandamiza kalamu. Mbele ya kila jina, saa ya kuingia. Mbele ya majina sita, saa ya kutoka. Mbele ya jina la saba, jina la Hud, palikuwa peupe.

Taimur alifuta jasho chini ya helmeti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Maskati, na Kiswahili chake alikipata jikoni kwa bibi yake, hakikukamilika.

"Tazama sanduku, ammi. Wallah, tazama. Iko kufuli hapo?"

Sanduku jekundu lilikuwa ukutani, hatua tatu kutoka kwenye tundu. Desturi ya kazi ilikuwa hii: ufunguo wa pampu kubwa ya maji ya bahari hufungiwa ndani ya sanduku lile, na kila anayeingia kwenye tundu hutundika kufuli lake mwenyewe juu yake. Akitoka, analitoa kwa mkono wake. Maadamu limebaki kufuli moja, sanduku halifunguki, na pampu haiwezi kuwashwa. Sasa sanduku lilikuwa tupu, mlango wake umeachwa wazi. Ufunguo ulikwisha kupelekwa juu, kwenye chumba cha kuongozea mitambo.

"Kufuli hakuna," alisema Thani.

"Basi watu hakuna. Pampu inawashwa saa saba na nusu. Sasa saa saba na robo."

Wafanyakazi walikuwa wakirejea kutoka kwenye swala ya Ijumaa, nyuso zao zimetakata, ndara mikononi, wakivaa tena mabuti yao kwenye rafu ya mlangoni. Mmoja alisikia, akacheka.

"Mzee Thani, au umemwandika Hud mara mbili? Kama ulivyomwandika Shihab, tukamtafuta pacha wake mchana kutwa!"

Wengine nao wakacheka. Thani aliinamisha kichwa. Ilikuwa kweli. Wiki yake ya kwanza ya kushika daftari alimwandika Shihab mara mbili, na kazi ikasimama saa nzima.

Thani alikuja Sur, mji huu wa pwani, na mama yake kutoka Pemba akiwa na miaka kumi, na badala ya kwenda skuli alikwenda kubeba maji. Kisha akashika ufagio. Alifagia kituo hiki miaka kumi na sita, akipita chini ya vibao vya hatari asivyoweza kuvisoma. Miaka mitatu iliyopita mkewe, Ghaniya, alimpeleka kwenye madarasa ya jioni, kwa mwalimu Wasan, binti mdogo kuliko mwanawe wa mwisho. Alijifunza kuandika akiwa na miaka hamsini na tano. Mpaka leo, kabla ya kila jina, midomo yake husema bismillahi, na ndipo kalamu hugusa karatasi.

Alikuwa mwandishi wa polepole, na hilo ndilo lililokuwa likimtafuna.

Maana adhana ya kwanza ilipolia, walitoka kwa fujo, mmoja juu ya mwingine, kila mtu akiwahi kuoga. Ovaroli zao zilikuwa za rangi moja, nyuso nyeupe kwa vumbi la chaza. Yeye alikuwa ameinama akiandika saa ya mmoja huku wengine wakiruka chini. Aliwahesabu sita. Lakini je, alipokuwa ameinama, wa saba hakupita? Aliita ndani mara tatu, "Hud! Hud! Hud weye!" Feni ya kupuliza hewa ilikuwa ikinguruma kwenye bomba lake la turubai, ikameza sauti yake. Akamwita Taimur kwa redio ya mkononi. Taimur akajibu kwamba makufuli yote yametolewa. Basi Thani akabaki pale. Aliisikiliza hotuba ya Ijumaa kutoka kwenye kipaza sauti cha msikiti wa kituo akiwa juu ya ndoo yake; kwa mara ya kwanza katika miaka mingi hakusimama safuni, na feni hakuizima, maana kama kuna mtu ndani, hiyo ndiyo pumzi yake.

"Adham!" Taimur aliita. "Njoo. Wapi binamu yako?"

Adham alikuja akifunga kamba za buti. Yeye na Hud walikuwa watoto wa ndugu wawili, wote wa Ibra, wote na umri wa miaka ishirini na kitu.

"Shikamoo, mzee Thani."

"Marahaba, mwanangu. Umemwona Hud?"

"Yuko msikitini, nadhani. Au anakula."

"Sikukuuliza unadhani nini. Umemwona kwa macho yako?"

Adham aliangalia sanduku jekundu, kisha akaangalia chini. Alishika kitu kilichokuwa kikining'inia shingoni mwake chini ya shati. Zilikuwa funguo mbili kwenye uzi mmoja.

"Hud hupoteza kila kitu, mzee. Tangu tuko wadogo, funguo zake nakaa nazo mimi." Sauti ilimpungua. "Nilipotoka niliona kufuli lake limebaki peke yake. Nikasema kesha sahau, kama ada yake. Atagombwa tena. Nikamtolea."

"Ukamtolea," alisema Thani.

"Nilitazama rafuni kwanza! Ndara zake hazikuwepo. Buti huvai kwenda kuswali, mzee. Ndara hazipo, maana yake mtu katangulia."

Taimur alipumua kwa nguvu. "Khalas. Ametoka. Wewe Adham tutazungumza baadaye, hii makosa kubwa. Ammi, andika saa, tufunge."

"Aje mwenyewe asimame mbele yangu. Nitaandika."

"Ammi Thani." Taimur alichutama, sauti yake ikawa ya chini ili wengine wasisikie, na hilo lilimwuma Thani zaidi kuliko kelele. "Mimi nilikupa hii kazi. Watu walisema, huyu mzee hajui kusoma vizuri. Nikasema anajua. Sasa kila dakika wananiuliza kule juu. Ukikataa, nitaweka mtu mwingine hapo, na kesho wewe unarudi kwa ufagio. Usinifanye nifanye hivyo."

Kalamu ilikuwa mkononi. Pale peupe palikuwa padogo, tarakimu nne tu zingepajaza. Thani alifikiria ufagio, na vibao ambavyo sasa alikuwa akivisoma kimoja kimoja kila asubuhi kama mtu anayesalimia jirani. Alifikiria kwamba huenda ni kweli, huenda kijana alipita alipokuwa ameinama, na sasa hivi yuko kwenye kivuli anakula tende.

Midomo yake ilisema bismillahi. Kalamu ikashuka, ikakaribia karatasi, ikasita hapo.

"Siandiki nisichokiona," alisema.

Taimur alisimama. Alikuwa akigeuka kumtafuta mtu mwingine wakati Shihab alipoingia kutoka nje, wa mwisho kurejea, akiimba kwa sauti ya chini. Shihab alikuwa fundi wa majukwaa ya kupandia, na siku hiyo kazi zake zote zilikuwa nje, hakuingia kwenye tundu. Miguuni alivaa ndara za kijani. Ya kushoto ilikuwa imekatika ukanda, ikafungwa kwa waya.

Adham aliziona.

"Umezipata wapi hizo?"

"Hizi? Rafuni. Zangu mtu kazichukua, nami nikachukua za mtu, ndiyo Ijumaa hiyo!" Shihab alicheka, kisha akaacha. "Kwani za nani?"

Taimur alikuwa tayari ameweka redio mdomoni. "Juu, juu, simamisheni! Msiwashe pampu! Mnanisikia? Msiwashe!"

Redio ilikwaruza. Hakuna neno. Thani aliyahesabu mapigo ya moyo wake kama anavyohesabu tasbihi, akimwomba Mlinzi. Ya Hafidh. Ya Hafidh. Ya Hafidh.

"Pampu haijawashwa," ilisema redio. "Tulikuwa tunafungua vali. Kuna nini?"

"Fungeni hiyo vali! Mpeni ufunguo mtu nitakayemtuma!"

"Zimeni feni," alisema Thani.

"Nini?"

"Feni. Dakika moja tu. Zimeni."

Mtu alibonyeza. Ule mngurumo wa siku tisa ulishuka, ukawa mluzi, ukawa pumzi, ukakoma. Thani alipiga magoti, akaweka sikio lake kwenye ukuta wa chuma. Chuma kilikuwa baridi. Alisikia tone la maji. Alisikia pumzi yake mwenyewe. Kisha, mbali, chini pale bomba linapopinda, tindo ikagonga. Mara tatu. Kimya. Mara tatu.

Hakuwa na haja ya kuwaambia, waliisoma kwenye uso wake.

Adham alirukia tundu kichwa mbele, na mzee yule, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alimkamata kiuno akamvuta chini.

"Niache! Niache, mzee, ni ndugu yangu!"

"Kufuli kwanza."

"Anakufa mle!"

"Anagonga. Anayegonga yuko hai. Kufuli kwanza, mwanangu, mimi sitoi wawili." Alimgeukia Shihab. "Ufunguo wa pampu, kauchukue juu. Feni iwashwe. Injinia, kamba na kipima hewa."

Shihab alivua ndara pale pale aliposimama, akapanda ngazi za chuma miguu mitupu, mbili mbili. Hakuna aliyeona ajabu kwamba injinia alikuwa akitii amri za mshika daftari. Adham alisimama, kufuli lake mkononi, akilia bila ya kujificha. Shihab alishuka na ufunguo. Ukatiwa sandukuni, mlango ukafungwa, na kufuli la Adham likalia, ka! Taimur naye akachomoa kufuli lake, ambalo halikuwahi kutundikwa tangu kazi ianze, akalitundika pembeni.

Kisha wote wawili wakamngojea Thani. Alikuwa akiandika. Bismillahi. Herufi ya kwanza. Ya pili. Herufi za jina la Adham, na za jina la Taimur, zilitoka zimepinda kama za siku ya kwanza darasani, lakini hakuruka hata moja. Taimur alinyoosha mkono kumpokea kalamu amsaidie, na Thani akatikisa kichwa. Ilichukua muda ambao kila aliyekuwepo atausimulia kuwa mrefu kuliko ulivyokuwa.

"Ingieni," alisema.

Waliingia. Kamba ilifunguka kutoka kwenye mzingo wake, ikatambaa, ikasimama, ikatambaa tena. Thani aliishika kwa vidole viwili. Kanuni ilimkataza mshika daftari kuingia, na yeye hakuingia, ingawa kila kiungo chake kilitaka. Feni ilinguruma. Hakuna aliyefanya mzaha.

Hud alitoka miguu mbele, amefungwa kwenye machela ya turubai. Alikuwa ameteleza pale bomba linapopinda, mguu wake wa kushoto ukabanwa baina ya chuma na reli ya ngazi iliyong'oka. Paji la uso lilikuwa na damu iliyokauka, na mguu ule haukuonekana kama mguu. Macho yake yalikuwa wazi.

"Nimekosa Ijumaa," alisema.

"Na mimi pia," alisema Thani. "Tutaswali adhuhuri badala yake."

"Niliwasikia mkiondoka. Nikaita. Baadaye nikasema, mzee Thani yupo, hafungi." Alifumba macho. "Nikawa nagonga tu."

Thani alitazama saa ya ukutani, kisha akaandika saa ya kutoka kwenye mstari wa saba. Gari la wagonjwa lilimchukua Hud kwenda hospitali, Adham akiwa pembeni yake na funguo mbili shingoni. Alipokuwa akipanda gari alizivua, akazitenganisha, na ule mmoja akaufumbatisha kiganjani mwa binamu yake.

Kazi ilianza tena alasiri. Redio ilisema kule juu wanauliza watawasha lini, na Taimur alijibu, "Mwulizeni mshika daftari."

Thani alikuwa amekwisha kuswali rakaa nne juu ya kipande cha katoni, kando ya ndoo yake. Majina yote yalikuwa na saa ya kuingia na ya kutoka. Sanduku lilikuwa tupu. Pembeni ya tundu, ndara za kijani zilikuwa zimeoshwa, zimepangwa pamoja, vidole vikitazama nje, namna wanavyopangiwa wageni ili wasipate taabu wakiondoka. Shihab alipita mara mbili bila ya viatu na hakuzigusa.

Thani alifunga daftari, akashika kifuniko. Kisha akakiachia.

"Zimeni feni," alisema.

Wakaizima. Mzee aliinama, akagonga chuma kwa kitako cha kalamu, mara tatu, akaweka sikio, akangoja.