Taa Kuukuu ya Sebuleni

Usiku wa kuamkia leo niliota nabadilisha taa ya sebuleni kwa mama. Kazi yenyewe nilikuwa nimempa fundi Maganga aje aifanye asubuhi, maana mimi hata kubadilisha betri za rimoti ni mpaka niitiwe mtu.

Mama amelalamikia giza la sebule hiyo tangu mfungo. Tumebadilisha balbu, bado. Tumepaka kuta rangi nyeupe, bado. Mwishowe nikanunua taa mpya sita za darini, nikazipanga koridoni. Ile kuukuu aliyoitundika marehemu baba, bakuli la kioo lililojaa mabawa ya kumbikumbi wa miaka yote, nikaamua ishuke.

Basi ndotoni nimevaa kanga ya kulalia, nimeshika testa ya kupimia umeme. Maganga alikuwa amenipa sharti moja: usiguse waya kabla hujazima mein swichi. Nikaizima. Friji ikanyamaza. Jogoo wa jirani akakatikia katikati ya kuwika. Ukafuata upepo, ukafuata mwezi, ikafuata Tabora nzima, mtaa kwa mtaa, mpaka nyota nazo zikazimika kwa adabu, moja moja.

Iliyobaki inawaka ni taa kuukuu peke yake.

Nikapanda ngazi. Dari linasogea juu kila ninapokanyaga, nami sishangai, nakanyaga tu. Taa mpya sita zinanifuata nyuma, zimejipanga foleni ndani ya maboksi yao. Tulipofika, zikamwamkia mkubwa wao.

"Shikamoo."

"Marahaba," ikajibu taa kuukuu. "Mmekuja kurithi?"

Zikainamisha maboksi. Nikaona niseme mimi. Nikaieleza kwa upole kwamba imefanya kazi kubwa, lakini imechoka, na mama haoni, kwa hiyo ni vyema ikapumzika.

"Nipime," ikasema.

Nikaigusa kwa testa. Sijawahi kuona kitu kama kile. Testa iliwaka mpaka mifupa ya mkono wangu ikaonekana, na chini yangu nikaona kila jioni ambayo taa ile imewahi kuiangazia: baba anakata kucha, mimi mdogo nalilia hesabu za kugawanya, mama anatunga uzi kwenye sindano mara moja tu, bila kukosa. Jioni zote zimeketi sebule moja na hazibanani. Nilitaka kuomba radhi, ila sikujua taa huombwa radhi vipi.

"Sijapungua," ikasema. "Sasa kampime ninayemmulika."

Nashuka. Ngazi sasa ina vipandio viwili tu. Mama ameketi chini ya taa, ungo wa mchele mapajani. Naufuata mwanga kwa testa: hewani inawaka, kwenye ungo inawaka, shavuni kwa mama inawaka. Mbele ya macho yake inazimika.

"Huwa nafika mpaka mlangoni," ikasema taa kutoka juu, wala haikunilaumu. "Hakuna wa kunifungulia."

Hapo bakuli likafunguka. Mabawa yote yakainuka, yakapata miili, yakawa kumbikumbi wazima wa rangi ya dhahabu, sebule nzima ikanukia mvua za kwanza. Mmoja akatua kwenye kope ya mama, akatembea juu yake taratibu. Mama hakupepesa.

"Nani yuko hapo?" akauliza.

Nikaamka. Kumekucha, mawingu yamefunga. Nikaenda sebuleni. Taa kuukuu inawaka kama kawaida, na mama yuko chini yake anachambua mchele kwa vidole, uso ameuelekeza dirishani. Akasikia hatua zangu.

"Mwanangu, hebu niwashie taa."

Nikatazama juu. Bakuli lilikuwa tupu, safi kama limeoshwa.

Nikampigia Maganga simu asije. Kisha nikamwambia mama avae nguo za kutokea, twende hospitali wakamwangalie macho. Vidole vyake vikasimama ndani ya mchele, halafu akauliza kwa sauti ndogo ni nani aliyeniambia.

Nilimsogelea nimshike mkono, ndipo nikaliona: bawa moja la kumbikumbi, limenata kwenye kope yake.