Miwani Iliyowekewa Nyongeza

Jumapili, wakati wa sadaka, Jean-de-Dieu alitia mkono mfukoni na mfuko ukamkatalia. Akajaribu upande wa pili, nako hakukupitika. Kikapu kilikuwa kimesimama mbele yake, mwenye kikapu naye amesimama, na benchi zima likageuka kumtazama mzee mzima anayejipapasa mapaja kanisani. Suruali ilikuwa mpya. Aliyeishona alikuwa mke wake, Mama Dorothée, fundi wa nguo pale Mushaki, na alikuwa ameshona midomo ya mifuko yote miwili, mshono juu ya mshono, kwa uaminifu mkubwa.

"Mungu ameona nia yangu," alimwambia njiani wakirudi. "Lakini mwenye kikapu, ule hakuona kitu."

Dorothée hakucheka. Tangu mavuno ya maharage uzi ulikuwa ukilikimbia tundu la sindano, naye akawa anashona kwa kubahatisha. Na mezani kwake kulikuwa na kitambaa cha gauni la harusi la Umuhoza, binti wa Mama Mukagasana. Mukagasana alikuwa mwanamke wa ng'ombe wengi, uso mpana na ulimi usiolala, na tangu mwanzo alitaka gauni lishonwe Goma. Alimkubali Dorothée kwa sababu ya ubovu wa barabara tu. Gauni lile likiharibika, habari ingefika sokoni kabla ya maziwa ya asubuhi, na fundi aliyeharibu gauni la harusi Mushaki hupewa kazi moja tu baada ya hapo: kushona magunia.

Basi akajivuta hadi kituo cha afya, kwa Nyiramana, muuguzi aliyesomea macho. Nyiramana akampima, akaandika karatasi ya miwani.

"Mama, mbele ya kununua lineti, ngoja nikuelezee iyi ordonansi."

"Aksanti, nimeelewa," akasema Dorothée, ambaye hata hakuwa ameitazama. Mlangoni alikuwa amemwona mtu wa kwaya, na hakutaka aulizwe amefuata nini. Akaitia karatasi kifuani akaondoka mbio.

Mushaki huuzwa miwani ya jua ya vijana wa pikipiki, si ya kuonea. Lakini dada wa mumewe, Byukusenge, aliishi Goma na alinunua kila kitu kwa simu: viatu, sufuria, hata nywele. Dorothée akampigia.

"Tuma foto ya ordonansi," akasema Byukusenge, "nitaweka commande leo."

"Foto hapana. Nitakusomea."

Alikuwa na sababu. Simu ya Byukusenge haikujua siri. Dorothée alipong'olewa jino, picha ya lile jino ilizunguka katika kundi la ukoo kabla ganzi haijaisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee, lakini wazee hao hawakuwa na wifi mwenye WhatsApp.

Jean-de-Dieu akaipeleka karatasi mlangoni penye mwanga, akanyoosha mkono mpaka mwisho, akasoma. "OD, ile ni jicho ya kuume. Plus mbili. OG, ya kushoto, plus mbili. Kisha cylindre, moins, kitu kidogo. Kisha axe..." Akarudia kusoma. "Axe makumi tisa! Mama Dorothée! Ku masomo haukufikaka hata makumi sita!"

Dorothée mwenyewe alishangaa. Katika nchi ambayo mtoto akifaulu mtihani hupakwa poda mpaka nyusi, tisini si namba ya kuachwa ipite hivi hivi. Jean-de-Dieu akaingia ndani, akarudi na kopo la poda, akammwagia mkewe kichwani.

Ikabaki kazi ya kuagiza. Hapo ndipo ufundi ulipomponza. Dorothée alikuwa na sheria moja aliyoachiwa na mama yake: hakuna kipimo kinachoandikwa bila nyongeza. Kitambaa hurudi kikifuliwa, mtoto hukua, bibi harusi hula. Anayekata sawasawa na mwili atajibu kesho.

"Andika plus tatu, macho yote mbili," akamwambia Byukusenge.

"Karatasi inasema tatu?"

"Inasema mbili. Lakini niko nazeeka. Nitanunua lineti kila mwaka?"

"Na axe?"

"Makumi tisa iache vile. Iko muzuri."

"Wanauliza tena écart pupillaire. Kutoka katikati ya jicho moja mpaka katikati ya ingine. Haiko ku karatasi?"

Haikuwako. Dorothée akachukua utepe wake, akasimama mbele ya kioo, akapima. Sentimita sita. Akaongeza nusu huku na nusu kule kwa ajili ya mshono.

"Saba."

"Saba? Na ile uso yako ndogo?"

"Fundi ni nani, weye ao miye?"

Miwani ilipofika kwa pikipiki kutoka Sake, Dorothée alifunga mlango kwanza, kisha akaivaa. Sindano akaiona, tena nene kama msumari, ila zilikuwa mbili na hakujua ya kweli ni ipi. Nguo ilibidi aisogeze hadi puani ndipo ionekane. Sakafu ilikuwa imepanda kilima. Akainua mguu kuruka kizingiti ambacho hakikuwepo, akatua ndani ya beseni la maji. Kuku aliyekuwa akidonoa pale akakimbia, na kwa macho ya Dorothée alikimbia ndama.

Alishona hivyo hivyo, jicho moja limefumbwa, kichwa kikimgonga. Alishona kifua cha gauni na upande mmoja wa kiuno, akawa anajiambia kwamba macho yatazoea kama miguu inavyozoea kiatu. Hayakuzoea. Harusi ilikuwa Jumamosi ileile, na maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akaipeleka miwani kwa Nyiramana ikiwa imefungwa ndani ya leso.

Nyiramana aliipima, akatazama karatasi, akaipima tena. "Nani ameongeza?"

Dorothée akatazama ukuta. Nyiramana akainua mkono wa blauzi yake nyeupe, uliokunjwa mikunjo minne, kwa maana ilishonwa na huyuhuyu, na wauguzi wawili wangeenea ndani.

"Mama, jicho haiko kitambaa. Plus mbili njo nguvu yenye inakusaidia ku kazi ya mikono. Ukitia tatu, utaona tu kitu yenye iko ku pua. Na kila kioo iko na katikati yake. Ile katikati inapashwa kukaa mbele ya mboni ya jicho. Ukizitenganisha, macho inavutana, kichwa inauma."

"Na makumi tisa?"

"Ile ni namna kioo inalala, sawa vile unalazaka kitambaa mbele ya kukata."

"Haiko pourcentage ya masomo?"

"Haiko, mama."

Dorothée aliona haya, lakini uchungu ulizidi haya. Ile tisini alikuwa ameshaipenda.

Nyiramana akampima mboni vizuri, akaandika sitini milimita chini ya karatasi, na safari hii picha ikatumwa kwa Byukusenge kama ilivyo. Duka likakubali kutengeneza vioo vingine, lakini visingefika kabla ya harusi. Kundi la ukoo nalo halikuchelewa. Kabla jua halijazama, mpwa mmoja anayechimba madini kule Omate, Walikale, alikuwa ameandika: "Pole ya macho, shangazi."

Kesho yake Mama Mukagasana aliingia bila kubisha. "Nguo iko wapi?"

Dorothée alikuwa amepanga uongo mzuri kuhusu umeme na pasi. Ulipofika mdomoni, aliuchoka. "Mama Mukagasana, sioni. Uzi siioni, sindano siioni. Ukitaka kupeleka kitambaa Goma, peleka. Nimejaribu."

Mukagasana alisogea karibu. Alikuwa ameiona miwani mezani. Akaiokota, akaigeuza, akaivaa kwenye ule uso wake mpana, nayo ikamkaa kana kwamba alipimiwa yeye. Akatazama viganja vyake. Akaokota kipande cha kitambaa, akakisogeza karibu na pua.

"Yesu wangu," akasema polepole. "Iyi kitambaa iko na maua?"

Kilikuwa na maua, madogo, meupe juu ya weupe, toka alipokichagua yeye mwenyewe na kuapa mbele ya wauzaji kwamba hataki kitu chenye maua. Kisha akashika gauni. Akapitisha macho kwenye mshono wa kifua, inchi kwa inchi, na Dorothée akangoja kama mtu anayengoja kofi.

"Huyu mushono unatembea sawa mbuzi."

"Najua."

"Tangu lini hauoni?"

"Tangu maharage."

Mukagasana akavuta kiti akakaa. "Miye imepita miaka. Naogopa wataniita mukeekulu, bibi muzee." Akanyoosha mkono. "Leta wembe. Nitafumua, nitatunga uzi, weye utashona. Na mutu asijue."

"Nyiramana akupime na weye. Iyi nilikosea, haiko ya mutu."

"Baada ya harusi. Leta wembe."

Wakafanya kazi. Mmoja alifumua na kutunga, mwingine alishona kwa mkono uliojua njia, na mshono ulipopinda Mukagasana alipiga kelele kama anayefukuza ng'ombe shambani. Jua lilipopinduka Umuhoza akaja kumtafuta mama yake. Akainama juu ya meza kutazama gauni, na uso wake ukaingia palepale, karibu na pua, ambapo miwani ile ilikuwa inaona.

Mukagasana akaacha wembe. Akamshika binti yake kidevu.

"Uko na alama hapa, chini ya jicho."

"Iko tangu zamani, mama. Tangu nilianguka ku Burungu."

"Sikuijua." Hakumwachia kidevu. "Na nyusi yako iko ya baba yako. Kaa hapa. Kaa, nikuangalie mbele ya kuolewa."

Umuhoza akakaa. Dorothée akageukia dirisha na kuanza kutafuta mkasi, ingawa mkasi alikuwa nao mkononi.